Cherehani za Zizini

Siku ng'ombe walipouzwa, baba yangu aliingia ndani, akavua mabuti, akakaa mezani, akauliza, "Sasa?"

Mama alikuwa anamenya viazi, nami nilikuwa nimekuja kumsaidia kuwapikia watu wa mnada. Nje, lori la mwisho lilikuwa linapinda kwenye barabara ya changarawe, na ndani yake Dagny, ng'ombe mzee ambaye baba alimpenda kuliko baadhi ya ndugu zake, alikuwa bado analia. Sauti ikaenda nalo hadi nyuma ya kilima, ikapotea. Baba akaendelea kuitazama ile meza kana kwamba kuna mtu ameandika jibu pale juu.

Baba, Harlan Kvale, alikuwa amekamua ng'ombe asubuhi na jioni tangu utotoni, kwenye shamba lile lile ambalo babu yake aliyetoka Norwe alilifyeka. Magoti ndiyo yaliyomshinda. Daktari alimwambia achague, ama magoti ama ng'ombe, na mama ndiye aliyemchagulia.

Miezi ya kwanza ilikuwa mibaya. Aliendelea kuamka kukiwa bado giza, akavaa koti, akaenda zizini. Aliwasha ile redio aliyokuwa akiwawekea ng'ombe, akageuza ndoo, akaikalia. Mama alikuwa akiiona taa ya zizi kutoka dirisha la jikoni.

"Anafanya nini huko?" nilimuuliza mama siku moja.

"Anasikiliza bei za mahindi."

"Mama, huyu apelekwe kwa daktari."

"Daktari atampa vidonge. Baba yako hataki vidonge, Solveig. Anataka kitu kilichoharibika."

Mama, Ardis, alikuwa mshonaji. Hakushona nguo, nguo alisema zinamchosha, watu wananenepa. Yeye alishona mifarishi ya viraka, ile ya kufunika kitanda kizima. Kila mmoja wetu watoto aliondoka nyumbani na mfarishi wake mgongoni, na kila Alhamisi mama alishuka kwenye ukumbi wa chini ya kanisa letu la Kilutheri kushona na wenzake mifarishi mingine iliyopelekwa kwa watu waliokimbia vita. Cherehani yake ilikuwa ya umeme, ya plastiki ya kijani, na ilivuma kama nyuki aliyefungiwa kwenye chupa. Aliivumilia tu.

Mwezi wa tano, rafiki yake Marvel Hovland alikuwa anasafisha banda lake la kuku. Marvel na mama walikuwa wametaniana tangu darasa la kwanza na hawajawahi kupumzika. Mama alirudi kutoka kwa Marvel na pikapu, nyuma kuna kitu kimefunikwa gunia.

"Njoo unisaidie kushusha," alimwita baba.

"Kitu gani?"

"Cherehani."

Baba akainua gunia. Akatazama. Akalirudisha.

"Ardis, hiyo si cherehani. Hayo ni mavi ya kuku yenye sindano."

"Ilikuwa ya mama yake Marvel."

"Basi Marvel ana akili kuliko nilivyodhani, kama ameitupa."

"Gurudumu halizunguki. Limeganda kabisa. Mumewe Elmer naye alijaribu, kashindwa."

Baba alikuwa ameshageuka kuondoka. Akasimama. "Nani kashindwa?"

"Elmer. Anasema hakuna mtu anayeweza kuifungua hii."

"Elmer Hovland hawezi kufungua hata chupa ya haradali," baba alisema, na tayari alikuwa ameshika ncha moja ya kile chuma. "Shika huko. Polepole, mgongo wako."

Mama aliinama chini sana kushika upande wake, na mimi niliyekuwa mlangoni nilijua anaficha kicheko.

Cherehani ile ilikaa zizini wiki nyingi. Baba aliiweka kwenye benchi pale walipokuwa wakisimama ndama, akaitia mafuta ya taa kwenye kila tundu, akaiacha inywe. Kesho yake akaitia tena. Alichukua mswaki wa mama, akachukua sindano zake za kufumia, mwisho akachukua hata mashine yake ya kukaushia nywele, akawa anapasha chuma joto kidogo, anatia mafuta, anagonga kwa kipini cha nyundo kama anayebisha hodi kwenye nyumba yenye mgonjwa. Hakulazimisha. Mtu aliyewahi kumsaidia ng'ombe kuzaa anajua kwamba kulazimisha ni kuua.

Jumapili moja tulikuwa mezani kwa chakula cha mchana baada ya ibada, baba peke yake hayupo. Mlango ukafunguliwa. Alisimama pale na shati la kanisani, mikono myeusi hadi viwikoni.

"Imekubali," alisema.

"Nini?" mama akauliza.

"Imekubali, mama. Njoo uone."

Tulimfuata wote na mdomo bado una nyama. Alikuwa ameikalisha kwenye miguu yake ya chuma, kanyagio limepakwa mafuta, na mkanda mpya wa ngozi ameukata kwenye hatamu ya Dagny. Chini ya ule uchafu wote kulikuwa na weusi uliong'aa kama kiatu cha bwana harusi, na juu yake maua ya dhahabu, yamefifia pale tu mkono wa mama yake Marvel ulipokuwa ukiegemea. Mama alivuta kiti, akapitisha uzi bila kuuliza unapita wapi, akaweka vipande viwili vya kitambaa, akakanyaga.

Ulikuwa mlio mdogo tu. Tiki-tiki-tiki-tiki, na chini yake pumzi ya kanyagio likienda mbele na nyuma. Mama alishona mstari mmoja, kisha miguu yake ikasimama.

"Hii ndiyo sauti ya jikoni kwetu," alisema.

Akatuhadithia pale pale, amekaa, kitambaa bado kiko chini ya sindano. Bibi alikuwa na cherehani kama ile kando ya jiko la kuni. Wakati wa baridi, mama na dada zake walilala sakafuni chini ya meza ambapo kulikuwa na joto, wakaangalia miguu ya mama yao ikipanda na kushuka, soksi za sufu, wakasinzia. Enzi hizo chakula cha kuku kilikuja kwenye magunia ya pamba yenye maua, na wasichana walimfuata baba yao hadi kwenye kinu cha kusagia nafaka ili achague magunia yanayofanana, maana gauni moja lilitaka magunia matatu. Waligombana njia nzima. Mmoja anataka waridi, mwingine anataka kuku wekundu. Bibi alipohamia mjini cherehani iliuzwa, na hakuna aliyekumbuka ilikwenda kwa nani.

"Tungeiweka," mama alisema. "Ilikuwa nzito tu. Tuliiuza kwa sababu ilikuwa nzito."

Baba alikuwa anajifuta mikono kwenye kitambaa. Jumamosi iliyofuata alimwambia mama apande pikapu, kuna mnada wa shamba upande wa mji wa Decorah, huenda kuna cherehani.

Hivyo ndivyo zizi lilivyojaa. Kila Jumamosi ya kiangazi na ya vuli, kwa miaka mingi, wale wawili walikuwa barabarani na chupa ya kahawa na mikate yenye siagi, wakizunguka minada, maghala, vyumba vya juu vya nyumba za wajane. Walirudi na cherehani za kanyagio, za kuzungusha kwa mkono, za umeme za zamani zenye taa ndogo kama jicho. Moja ilikuwa imekuwa meza ya maua. Nyingine ilitolewa kwenye kijito na bado ilikuwa na konokono. Baba alizifungua zote tumboni, akazisafisha, akazifunga. Pale ng'ombe walipokuwa wakifungwa shingo sasa zilisimama cherehani, mistari miwili, zinatazamana, na redio ikaendelea kuimba.

Mama aliweka sharti moja. "Mimi sitaki makumbusho," alimwambia. "Kila inayoingia humu inishonee nyota moja. Isiposhona, irudi ilikotoka."

Na zilishona. Baba akimaliza moja, mama alikwenda zizini na vitambaa vyake, akashona nyota moja ya viraka yenye pembe nane. Hakutumia kitambaa chochote tu. Alitoa sandukuni mabaki ya yale magunia ya bibi, ambayo alikuwa ameyaweka maisha yake yote bila kuthubutu kuyakata, akayachanganya na mashati ya kazi ya baba yaliyochakaa kwenye kola. Nyota ikiisha, ilikwenda kwenye kikapu. Alizijua zote. Ungemwonyesha yoyote angekwambia: hii ni ile ya kijitoni, hii ya mjane wa mji wa Calmar, hii ya ile mbishi inayokata uzi.

Jirani yetu Lovina Gingerich alikuwa akija na gari lake la farasi. Watu wake ni Waamish, Wakristo wanaokataa umeme, na wanawake wao hawakuwahi kuacha kanyagio. Alikuja mara ya kwanza kutafuta kile kichuma chenye umbo la mtumbwi kinachobeba uzi wa chini, cha kwake kimevunjika. Baba alimtolea sanduku zima achague. Lovina alisimama katikati ya zizi na kofia yake nyeusi, akazitazama zile cherehani huku na huku.

"Zote hizi za nini, Harlan?"

"Ni za kale," baba akasema, kidogo kwa kujivuna. "Tunazikusanya."

"Za kale?" Lovina alicheka hadi akashika mdomo. "Kama hii hapa ndiyo ninayoshonea suruali za wanangu. Ngoja nikamwambie mume wangu kuwa nyumbani tuna vitu vya kale."

Mama alilipenda neno lile. Kwa wiki nzima baba akiuliza chochote, hata chumvi iko wapi, alijibiwa, "Ya kale au ya kawaida?"

Kiharusi kilimkuta mama mwezi wa kumi, akiwa jikoni anamenya matofaa. Baba alisikia bakuli likianguka. Mama alikaa hospitali hadi theluji ya kwanza, na aliporudi maneno yake yalikuwa yote yapo, mazito kidogo tu, lakini mkono wa kushoto ulilala mapajani kama wa mtu mwingine, na mguu wa kushoto aliuburuta. Mwanamke wa mazoezi ya viungo alikuja na mipira ya kuminya. Mama aliiminya kwa adabu hadi yule mwanamke alipoondoka, kisha akaniambia nimpe paka achezee.

Kile kikapu cha nyota kilikuwa kwenye kona ya sebule. Alituomba tukigeuze kiti chake kitazame upande mwingine. Alhamisi ilipofika Marvel alipiga simu kumwambia atapitiwa, mama akasema ana mafua. Alhamisi iliyofuata pia alikuwa na mafua.

Baba alivumilia hadi mwezi wa kwanza. Nilikuwepo, nimeleta viazi vya kuoka na nyama kwenye bakuli, kama ninavyofanya nikiwa sijui la kufanya. Baba alikuwa ameileta ile cherehani ya mama yake Marvel kutoka zizini kwa kigari cha magunia, ameiweka jikoni karibu na dirisha. Akaenda sebuleni, akachukua kikapu, akakimwaga mezani.

"Rudisha," mama alisema kutoka kwenye kiti.

"Naangalia tu."

"Rudisha kikapu changu, Harlan."

"Hii ya bluu ikae na hii ya njano, sivyo?"

Baba akachukua nyingine mbili.

"Halafu hii ya maua makubwa hapa. Na hii nyingine ya maua makubwa pembeni yake."

"Siyo hizo!" mama akafoka. "Ukiweka hizo mbili pamoja zitapigana."

"Basi ipi?"

Mama alifumba macho. Nilidhani analia, lakini alikuwa amekasirika tu, kwa ile hasira yake safi ya zamani ambayo hatukuiona tangu mwezi wa kumi. "Nisogezeni," alisema. Tukamsogeza mezani. Akanyoosha mkono wa kulia. "Ile pale. Yenye kuku wekundu. Weka katikati. Mwanamume huyu! Miaka yote hii unaniona nikishona, ulikuwa unaangalia nini?"

"Nilikuwa naangalia cherehani," baba akasema.

Siku hiyo walipanga tu. Siku ya pili baba alikaa kwenye cherehani kuunganisha. Mtu yule aliijua kila skrubu, angeweza kuifungua akiwa amefumba macho, lakini hakuwahi hata mara moja kuitumia kushona. Uzi ulikatika. Kitambaa kikaenda kushoto. Akauma meno, akakanyaga kwa nguvu kama anayepiga breki ya trekta.

"Nionyeshe," mama alisema.

Akamwonyesha.

"Ng'ombe mlevi angepita hapo kwa kunyooka kuliko huo mshono."

"Kitambaa kinahama chenyewe!"

"Kinahama kwa sababu unakivuta. Usikivute, kiongoze. Ulikuwa unamwongozaje Dagny?"

"Kwa vidole viwili."

"Basi."

Baba alivitazama vidole vyake. "Nifumue?"

"Fumua."

Alifumua zaidi majira yale ya baridi kuliko alivyoshona. Nilipopita baada ya kazi, mimi ni mpishi wa shule na hutoka mapema, niliwakuta vile vile: yeye amevaa miwani ya mama juu ya miwani yake, mama kwenye kiti na fimbo yake, akielekeza kwa ncha ya fimbo kama mwalimu wa ramani. Waligombana kwa furaha. Mwanamke wa mazoezi akasema mgonjwa amechangamka sana, ni ile mipira.

Viraka vilipokwisha kuungana, ilibaki kazi kubwa, ya kushika tabaka zote tatu pamoja: viraka juu, pamba katikati, kitambaa cha chini. Ukiufikisha hapo mfarishi ni mzito kama ndama aliyezaliwa sasa hivi, na lazima uukunje uingie chini ya mkono wa cherehani, upande mmoja unausukuma na mwingine unaupokea. Mtu mmoja mwenye mikono miwili mizima hutoka jasho. Baba alijaribu peke yake, mfarishi ukamwangukia mapajani, sindano ikavunjika.

Mimi niliingia kwa mlango wa nyuma siku hiyo na sahani ya lefse, zile chapati zetu za viazi, na sikubisha hodi kwa sababu nilisikia cherehani inakwenda vizuri, haikatiki. Walikuwa wamekaa pamoja mbele yake kwenye benchi ya piano. Baba alikuwa kulia, miguu yake ikikanyaga, mkono wake wa kulia ukiusukuma ule mkunjo wa mfarishi. Mama alikuwa kushoto kwake, amemwegemea kabisa, na mkono wake wa kulia, ule mzima, uliwekwa bapa juu ya kitambaa upande wa pili wa sindano. Mkono wa baba wa kushoto ulikuwa umemzunguka kiunoni asianguke.

"Polepole," mama alikuwa anasema.

"Niko polepole."

"Miguu yako inakimbia kama imechelewa kukamua."

"Wewe geuza."

"Nageuza. Haya. Haya, hivyo hivyo. Sasa njoo kwangu."

Mshono ulizunguka ile nyota ya kuku wekundu, ukafika kwenye pembe, ukapinda. Nje theluji ilikuwa inaanguka kwenye shamba. Nilirudi nyuma, nikafunga mlango taratibu, nikakaa garini na sahani yangu kwa muda, kisha nikaingia tena kwa kelele.

Waliumaliza karibu na Pasaka. Marvel alisikia, akasema lazima auone, kwa hiyo Alhamisi moja mama alikubali kwamba mafua yamekwisha. Tuliutandaza kwenye meza za ukumbi wa kanisa, meza nne zilizounganishwa, na wanawake wakazunguka na vikombe vyao vya kahawa mbali, wasije wakamwaga. Kulikuwa na nyota arobaini na mbili. Marvel alivaa miwani, akainama, akaanza kutafuta kosa. Hakuchukua muda.

"Hapa kashona nani?"

"Mimi," baba akasema.

"Nilidhani ni njia ya Elmer akitoka harusini."

Wanawake wakaangua kicheko, na baba akawa mwekundu hadi masikioni. Marvel aliendelea kuinama. Alipitisha kidole kwenye mshono, akafika kwenye nyota iliyoshonwa na cherehani ya mama yake, akauliza kama ndiyo ile, mama akasema ndiyo. Marvel hakunyanyuka upesi.

"Ilikuwa kwenye banda la kuku," alisema. "Nilikuwa nimeiweka kwenye banda la kuku, Ardis."

"Ilishona vizuri," mama akamwambia.

Marvel akafuta miwani, akamgeukia baba. "Na wewe Alhamisi uje. Tuna cherehani mbovu na hatuna mwanamume anayejua kunyamaza."

Mama aliishi miaka miwili mingine na mwezi hivi. Walishona mifarishi mingine mitatu kwenye ile benchi, hakuna uliokuwa mzuri kama wa kwanza, na mmoja una kona inayovutika vibaya hadi leo. Alifariki nyumbani asubuhi ya mwezi wa tano, madirisha yamefunguliwa, amefunikwa mfarishi wa zile nyota. Baba alinipigia simu. Hakusema amefariki. Alisema, "Solveig, njoo, mama yako ametulia."

Mwaka uliofuata zizi lilikaa kimya, na niliogopa tutamrudia yule mtu wa kwenye ndoo. Aliingia mle kila siku, akafuta vumbi, akatia mafuta, akatoka. Kisha akaja kijana kutoka jiji la Minneapolis, amevaa vizuri, ana adabu. Alikuwa amesikia habari za zizi letu. Alitaka kuzichukua cherehani zote kwa mpigo. Yeye na wenzake walikuwa wanafungua maduka ya nguo na wangezipanga kwenye madirisha, kuanzia chini hadi juu, ukuta mzima.

"Na zitashona?" baba akamuuliza.

"Hapana, bwana. Ni za kupendezesha tu. Tutaziondolea mikanda."

Baba alimpa kahawa na kipande cha keki, akamwonyesha mifarishi, akamsindikiza hadi garini. Aliporudi alikuwa na hasira ambayo sikuwa nimeitarajia.

"Kijana mzuri," alisema. "Kuziondolea mikanda! Mimi nilikata hatamu za ng'ombe wangu mmoja mmoja."

Hasira ile ndiyo iliyomwinua. Wiki hiyo hiyo alianza kuzigawa. Hakuuza hata moja. Alipeleka neno kanisani, shuleni, kwa Lovina, dukani: anayeshona au anayetaka kujifunza, aje. Jumamosi moja ya mwezi wa nane magari yalipanga foleni hadi barabarani, na magari ya farasi matatu. Lovina alichukua za kanyagio kwa ajili ya binti zake wanaoolewa. Mwalimu wa shule yetu alichukua sita kwa ajili ya wasichana wake. Marvel alimletea baba pai, akaondoka na cherehani mbili huku akilalamika kwamba ni nzito.

Nakumbuka zaidi mwanamke mmoja, Yesenia, aliyetoka Guatemala kufanya kazi kwenye kiwanda cha nyama. Kizungu chake kilikuwa kidogo. Alipita mistari yote bila kugusa, hadi akafika kwenye ile ya kuzungusha kwa mkono, akapiga magoti mbele yake kwenye saruji, akashika mpini, akauzungusha. Akasema kitu kwa lugha yake. Binti yake akatutafsiria: "Anasema bibi yake alikuwa nayo. Anasema bibi alimwachia azungushe yeye."

"Mwambie aichukue," baba akasema. "Na mwambie aitie mafuta kila mwezi, siyo ya kupikia."

Ilipofika jioni zizi lilikuwa tupu tena. Baba alikaa kwenye benchi lake la kazi, nikakaa naye. Nilimuuliza kama anajisikia vibaya.

"Hapana," alisema. Akafikiri. "Ndiyo. Lakini sivyo kama ile mara ya ng'ombe. Ng'ombe niliwaona wakienda na sikujua wanakwenda wapi. Hizi najua ziko jikoni kwa nani."

Shamba tuliliuza. Baba sasa anaishi mjini, kwenye nyumba ndogo ya vyumba viwili juu ya duka la dawa, na umri wake umekaribia tisini. Alibaki na cherehani moja, nyeusi, ndogo, ya kuzungusha, ambayo anaweza kuiinua mwenyewe. Watu hupanda zile ngazi na vifurushi vyao wakati wote: uzi unajikunja, sindano inaruka, mkanda umelegea. Alhamisi Marvel humpitia, ingawa yeye ndiye asiyepaswa tena kuendesha gari, na njia nzima hadi kanisani wanabishana kuhusu mwendo wake.

Jana nilimpelekea supu. Alikuwa dirishani anaunganisha viraka vya mfarishi wa mjukuu wangu anayekwenda chuo, mkono mmoja kwenye mpini, mwingine kwenye kitambaa, ulimi nje kidogo. Mishono yake imenyooka siku hizi. Aliniomba niweke maji ya kahawa jikoni. Nikasema sawa, lakini sikunyanyuka mara moja. Nilitaka kusikiliza kwanza ile tiki-tiki.